Mgeni Haandikwi

Visanduku vililetwa Jumamosi asubuhi, thalathini na sita, vya plastiki ya kuonea ndani, kila kimoja na kufuli yake ndogo kama ya sanduku la dhahabu za biharusi. Mafundi wawili wa Kihindi walipita chumba baada ya chumba katika jengo la idara moja ya serikali kule Ghubra, Maskati, wakavifunika vile vidude vya ukutani vya kupandisha na kushusha baridi, wakapiga skrubu nne nne, wakafunga. Ndani ya kila kisanduku namba ziligandishwa kwenye ishirini na nne. Kabla ya adhuhuri wafanyakazi walikuwa washaanza kujipepea kwa mafaili, ingawa viyoyozi vilikuwa vinaunguruma kama jana na joto lenyewe halijaingia ndani.

Ilikuwa amri ya wizara. Wizara ndiyo mwenye jengo hilo na mengine arubaini, na mwaka huo, elfu mbili na tano, iliamua kwamba majengo yake yote yapunguze umeme, sehemu moja katika kila tano, ndani ya miaka kumi. Mpango ulichapishwa kwa rangi, na picha ya jani la kijani juu yake. Mhandisi Saeed, kijana aliyesomea mambo hayo ng'ambo, alikuja kuueleza mkutanoni. Alisema taa zitabadilishwa mwaka wa pili, madirisha mwaka wa nne, na mitambo ya baridi iliyoko juu ya dari mwaka wa saba. La mwaka wa kwanza ndilo rahisi kuliko yote, alisema, halitaki fedha: watu wazoee ishirini na nne. Maskini, alikuwa bado hajaoa. Hakujua kwamba kumzoesha mtu huwa kazi ya mwisho, si ya kwanza.

Likabaki suala la ufunguo, maana kufuli zote thalathini na sita zikifunguliwa kwa ufunguo mmoja. Mkuu wa utawala alisema ana mgongo. Mhasibu alisema yeye ni msahaulifu, jambo ambalo mhasibu hapaswi kulisema mbele za watu. Basi mkurugenzi, Ustadh Majid, akaangaza macho chumbani mpaka yakatua kwa mwanamke aliyekuwa anaingia na kahawa. Akasema Bi Nasriya ni mtu mwaminifu, apewe yeye. Wote wakakubali kwa moyo mmoja, namna watu wanavyokubali achinjwe mbuzi wa jirani.

Nasriya alikuwa na miaka arubaini na tatu na alikuwa mpika chai wa jengo zima. Majid alikuwa mtoto wa ami yake mumewe, na ndiye aliyemwingiza kazini. Nyumbani Nasriya akimwita shemegi, ofisini akimwita ustadh, na hakuwahi kuchanganya. Alikuwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na huo ulikuwa wa tatu. Ukimalizika mwisho wa Juni, na katika faili lake hamna neno baya, angethibitishwa. Hilo neno, kuthibitishwa, lilikuwa likitajwa nyumbani kwao Ruwi kila siku kama jina la mtoto anayesubiriwa kuzaliwa. Mumewe Hamood alikuwa dereva wa basi la skuli mpaka sukari ilipomla macho. Mshahara wa Nasriya ndio uliolipa kodi ya vyumba viwili, na ndio uliomlisha yeye, mume, na mama mkwe wake Bi Mahfoudha. Mshahara mwengine haukuwapo.

*

Mwezi wa kwanza walimchekea. Wa pili wakaacha. Mwanamke wa masijala, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimletea maandazi, siku moja alimwomba amfungulie nusu saa tu, na Nasriya alipomwambia lazima aandike sababu kwenye daftari la visanduku, yule akamwambia kwa Kiarabu chake cha taratibu kwamba tangu lini birika la chai likapewa cheo. Wenzake walicheka. Nasriya naye akacheka, kwa sababu angefanya nini, kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Halafu wakagundua hila. Aliyeanza hajulikani, lakini Ramadhani ilipokwisha jengo zima lilikuwa likiijua: weka kikombe cha chai ya moto chini ya kisanduku, kidude kitahisi mvuke, kitadhani chumba kinaungua, na kitamwaga baridi mpaka ukome. Ikawa asubuhi Nasriya anapika chai, na saa nne chai yake mwenyewe inampiga vita. Alikuwa akipita vyumbani akikusanya vikombe vilivyojaa, na kila mtu akimwambia kwamba hakuwa amemaliza kunywa.

Mtu pekee aliyemwonea huruma alikuwa Nyamizi, mfagiaji kutoka Tabora, aliyeletwa na kampuni ya usafi. Nyamizi alikuwa akimwambia kwamba kwao mtu anayepewa ufunguo wa ghala huwa anapewa na fimbo, sasa yeye kapewa ufunguo na trei.

Daftari lilining'inia kwa uzi jikoni. Kila kisanduku kikifunguliwa, Nasriya aliandika chumba, saa, sababu na nani aliyetaka. Kwa Kiarabu chake alichojifunzia chuoni kwa kusoma Kurani, maandishi yalikuwa makubwa na yalikwenda upande, lakini yalikuwa ya kweli. Isipokuwa chumba kimoja. Ustadh Majid alipokuwa na wageni, na alikuwa nao karibu kila siku, alimwita amfungulie, akateremsha mpaka kumi na sita, na mara ya kwanza alipomwona anaelekea jikoni na kalamu alimwambia kwa upole kabisa:

"Mgeni haandikwi, Bi Nasriya."

Hakusema kwa ujanja. Alikuwa anaamini hivyo. Katika Maskati nzima hapana nyumba inayomkaribisha mtu kwenye joto. Mgeni hupewa kahawa, halua, udi na baridi, na cha mwanzo kumpokea mlangoni ni baridi. Kuandika daftarini kwamba fulani alikuja na akafunguliwa kiyoyozi, ni kama kuandika kwamba alikula vipande vinne vya halua.

Pamoja na hayo, hesabu ya mita ya umeme ilishuka. Haikushuka sana, lakini ilishuka mwezi baada ya mwezi, na mwezi wa Machi Mhandisi Saeed alikuja mpaka jikoni kumwonyesha Nasriya karatasi yenye mstari unaoteremka. Alikuja kwake kwa sababu katika jengo zima hakumpata mwengine wa kufurahi naye. Akamwambia kwamba katika majengo arubaini na moja, hili ndilo la kwanza, na kwamba wizara itawaleta wakubwa wa majengo mengine waje kujifunza. Nasriya alikwenda nyumbani siku hiyo akamweleza Hamood habari za ule mstari kama mtu anayeeleza matokeo ya mtihani wa mwanawe.

*

Wageni walipangiwa Jumanne ya katikati ya Mei, na Mei ya Maskati mnaijua. Jumatatu, kabla ya watu kutoka, Majid alimwita Nasriya akamwambia kesho afike mapema, afungue visanduku vyote thalathini na sita, ateremshe kumi na sita.

Nasriya alidhani hajasikia vizuri. Akamuuliza kama si hiyo ishirini na nne ndiyo wanayokuja kuitizama.

"Wanakuja kutizama, naam," Majid alisema. "Lakini wanakuja kwangu. Wakae mbele yangu wanafuta jasho, halafu mama yangu asikie?"

Akaongeza kwamba wakishaondoka atafunga, na kwamba haina haja ya kuandika. Nasriya alisimama kidogo akitafuta neno la mpika chai kumwambia mkurugenzi, hakulipata, akasema inshallah.

Basi watu kumi na wawili, waliotoka kwenye majengo yao kuja kujifunza namna ya kubana umeme, walipokewa kwa baridi ya kuhifadhia maiti. Vioo vya madirisha vilitoka jasho kwa nje mpaka barabara haikuonekana. Mkuu wa msafara, mzee wa ndevu nyeupe, alijikunja ndani ya joho lake la bishti akapiga chafya tatu, na kila alipopiga chafya Majid alimwombea rehema. Nyamizi, aliyekuwa anakausha maji chini ya madirisha, alimnong'oneza Nasriya, "Dada, leo si tungeleta samaki tu tuwahifadhi humu."

Mhandisi Saeed hakuwa akicheka. Alikuwa ameshika ile karatasi ya mstari. Ratiba ilisema baada ya kahawa wageni wateremke chumba cha mita wakajionee, na ratiba ilichapishwa, hapakuwa na wa kuifuta. Wakateremka wote, na Nasriya nyuma yao, maana Majid alitaka kahawa imalizikie huko. Mita ilikuwa inazunguka kama feni. Saeed aliitazama, akaitazama karatasi, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni.

Mzee alipangusa pua. Aliuliza taratibu, kwa sauti isiyo na ghadhabu, kama huu ndio mfano walioletwa kuuona. Akauliza ufunguo anao nani.

Macho yote yalimwendea Nasriya, aliyesimama mlangoni, birika mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia.

"Tutalichunguza," alisema Majid.

*

Uchunguzi ulimalizika kabla ya Jumatano adhuhuri, na haukumuuliza mtu. Ilitoka karatasi moja ya Kiarabu, imechapwa vizuri, na chini pana mstari wa Nasriya kutia saini. Majid alimwambia hapana haraka, kesho ni Alkhamisi, hakuna kazi, apumzike, Jumamosi waimalize.

Alkhamisi baada ya alasiri alikuja mwenyewe Ruwi, amebeba kasha la maembe ya Pakistani, na sasa alikuwa shemegi. Alikaa mkekani, akambusu Bi Mahfoudha mkono, akamuuliza Hamood habari za macho. Kisha akaeleza. Wizara inataka jina. Jina lake yeye likiandikwa, kuna watu pale wanaokitaka kiti chake siku nyingi, watakipata. Jina la Nasriya likiandikwa, ni onyo tu, karatasi moja ndani ya faili, na faili linakaa kabatini kwake yeye. Mwezi wa Juni atamthibitisha kwa mkono wake.

"Ulisema neno baya likiwemo siwezi kuthibitishwa," Nasriya alimkumbusha.

"Mimi ndiye ninayelisoma faili, shemegi."

Hamood ndiye aliyemsindikiza mpaka ngazini. Aliporudi alimwambia mkewe atie saini. Alisema huyo ni mtoto wa ami yake, kawashika mkono walipokuwa hawana kitu, na sasa anaomba jambo dogo. Nasriya aliuliza udogo wake uko wapi. Karatasi imesema alifungua visanduku bila ya ruhusa na akaficha kwa kutoandika daftarini. Amekaa na ufunguo ule miezi minane, ametukanwa na kila mwenye kiti, na sasa aandikwe kwamba ndiye mwizi wa baridi.

"Kwani wewe jina utalila?" Hamood alisema. "Kodi wanataka tarehe moja."

"Na mimi ndiye ninayeilipa."

Alijuta pale pale. Hamood aligeuza uso ukutani, na macho yale mabovu yakawa kama yanatafuta kitu cha kushika.

Bi Mahfoudha alikuwa amekaa na maembe yake muda wote huo, ananusa moja moja bila kula. Alikuwa na miaka sabini na kitu, kazaliwa Malindi ya Unguja, na yeye ndiye aliyemlea Majid miaka mitatu, mamake Majid alipokuwa mgonjwa. Akamwita Nasriya karibu.

"Miye nna neno," alisema. "Mwambie hujui kusoma."

"Najua kidogo, Bi mkubwa."

"Kidogo si kujua. Zama zetu mtu asiyejua kusoma akiletewa khati, aliyeiandika humsomea yeye mwenyewe, kwa sauti, na mashahidi wawili wanasikiliza, ndipo yule atie kidole. Na huku desturi ni hiyo hiyo, muulize kadhi. Mtake akusomee. Yule mtoto nimemlea, mwanangu. Akisema uongo kwa sauti alikuwa akikwama, maneno hayatoki, anakohoa. Nimemlisha yamini mara ngapi juu ya sukari iliyopotea. Atakwama, na akikwama itakuwa yesha, hiyo khati haina kitu tena."

Nasriya alilala na neno hilo Alkhamisi na Ijumaa. Hamood aliulizwa maoni yake, akasema wanawake wafanye watakavyo.

*

Jumamosi saa mbili aliingia kwa Majid. Mhandisi Saeed alikuwa keshafika, amekuja kuichukua karatasi aipeleke wizarani. Nasriya alisema yuko tayari, ila Kiarabu chake cha kusoma ni kidogo, na anaiomba haki yake: asomewe na mwenye kuiandika, na mashahidi wawili. Mmoja, alisema, ni mhandisi. Wa pili alimwita kutoka korido, na Nyamizi akaingia na ndoo yake, akasimama karibu na mlango kama mtu aliyeitwa kupigwa picha.

Majid alimtazama Nasriya muda. Hakuwa mjinga, aliijua desturi, na alijua mkononi mwa nani imetoka. Angeweza kukataa, lakini mhandisi alikuwa amekaa pale pale, na kumnyima mtu asiyesoma haki ya kusomewa ni aibu isiyo na jina. Akavaa miwani.

Akasoma. Alisoma kwamba yeye, Nasriya binti fulani, mhudumu, siku ya Jumanne alifungua visanduku vyote kwa hiari yake bila ya kuamrishwa na mtu. Nasriya akasubiri. Alisoma kwamba alificha kitendo hicho kwa kutokiandika katika daftari la serikali. Nasriya alikuwa anamtazama koo. Alisoma kwamba anakiri kuiharibia idara sifa yake mbele ya wageni na anaomba radhi. Koo halikutikisika. Hakukohoa. Alisoma irabu zote, akapumzika penye nukta, sauti yake nzuri na ya kutulia kama ya msomaji wa taarifa ya habari, mpaka mwisho, na tarehe. Mtoto aliyekuwa akikwama alikuwa amekua.

Akageuza karatasi kumwelekea, akaweka kalamu juu yake.

Nasriya hakuwa amejitayarisha kwa hilo. Alikuwa amekuja na hila moja tu, na imekwisha. Nyuma yake alisikia mpini wa kifagio cha maji unagonga ndoo. Akafikiri juu ya tarehe moja, akafikiri juu ya uso wa Hamood ukutani, na mkono wake ukaenda ukaichukua kalamu kweli. Lakini maneno yalikuwa bado yamo chumbani, na hayakuwa na sauti yake.

"Maneno ni yako, ustadh," alisema, "na sauti ni yako. Na saini iwe yako."

Akairudisha kalamu mezani.

"Unajua maana yake?" Majid aliuliza.

"Najua. Mwisho wa Juni."

"Kuanzia leo," alisema Majid, na hapo tu, kwa mara ya kwanza, alikohoa.

Nasriya alimtazama Mhandisi Saeed. Kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Mpango una miaka tisa mbele, na majengo arubaini na moja, na kila jengo lina Majid wake; bila ya hao hapati dirisha wala mtambo. Alisikia yote na aliyaelewa yote. Alichokisema ni kwamba ataandika kuwa suala bado linachunguzwa. Pengine kwa kijana wa kazi yake hilo lilikuwa jambo kubwa. Nasriya alivua ule ufunguo shingoni, akaulaza juu ya karatasi isiyo na saini, akatoka. Nyamizi alimfuata mpaka mlango wa nje akamkumbatia na mikono yenye povu, akamwambia, "Dada, wewe nenda tu usigeuke, wanatuchungulia dirishani."

*

Kufika kwake nyumbani saa nne asubuhi kulitosha kuwa habari. Bi Mahfoudha aliuliza moja tu, kama Majid alikwama, na alipojibiwa kwamba alisoma mpaka tarehe, bibi akasema basi kosa ni lake yeye mlezi, alimwachia sana ile sukari.

Nasriya akaeleza yote. Hamood alimtaka arudie pale pa saini, akarudia. Akataka arudie tena. Kisha akapapasa simu ya mezani, akaomba asomewe namba ya Majid ya ofisini. Nasriya alimsomea, tarakimu moja moja. Alijua anakwenda kumwombea msamaha. Alijua na maneno atakayotumia, kwamba wanawake, shemegi yako, hasira, sukari, sisi ni damu moja. Hakuwa na nguvu ya kumzuia. Wala hakuwa na hakika kwamba anataka kumzuia.

Majid alipokea. Hamood alimsalimia kwa ukamilifu, akamuuliza hali yake, watoto, mama.

"Majid," alisema halafu. "Naambiwa unasoma vizuri sana. Miye macho yamekufa, siwezi kukuona ukisoma. Lakini nimefurahi kusikia hukukwama."

Akaweka simu chini, akakosa mahali pake, akatafuta, akaiweka tena. Alikaa karibu na mkewe, karibu kuliko alivyokaa miezi mingi, akamuuliza kwa sauti ndogo wana kiasi gani ndani, na Nasriya akamwambia. Bi Mahfoudha akasogea naye. Hapo ndipo wote watatu walipoanza kuogopa sawasawa, bega kwa bega mkekani, mchana kweupe. Na Nasriya, ambaye tangu macho ya Hamood yalipoharibika alikuwa akiogopa peke yake, aliegemea ukuta akasikia usingizi unamjia.